Rubani wa Mizigo Naye ni Rubani

Tarehe 3 Juni 2023 ndege mpya ya mizigo ya Shirika la Ndege Tanzania, aina ya Boeing 767-300F, ilitua Dar es Salaam ikapokewa na Rais Samia Suluhu Hassan. Ndege hiyo ina uwezo wa kubeba tani 54 kwa safari moja. Ni mali ya umma, nasi wa visiwani tunayo sehemu yetu katika mali hiyo, maadamu usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Mazao ya nchi hii yamepata chombo chao wenyewe. Leo tunapenda kusema habari ya watu wanaokiendesha chombo hicho, na hasa habari ya ujira wao.

Wako wananchi, na wako hata maofisa, wanaoamini kwamba rubani anayechukua abiria hana budi kulipwa zaidi ya rubani anayechukua mizigo. Hoja yao ni nyepesi kuifahamu: yule amepakia roho za watu, huyu amepakia makasha. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini haina mizizi. Maoni yetu ni kwamba malipo ya rubani, pamoja na saa zake za kupumzika, yapimwe kwa ndege anayoirusha, kwa ujuzi wake na kwa muda anaoutumikia. Yasipimwe kwa kilichomo nyuma ya mgongo wake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya ndege kuzaliwa. Jahazi lililotoka Lamu au Rufiji na boriti, au lililotoka Ghuba na tende na chumvi, lilikuwa na desturi yake ya kugawana. Gharama za safari zikiisha kutolewa, chumo lilikatwa mafungu: fungu la mwenye chombo, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia. Nahodha alipata zaidi kwa elimu yake ya nyota na pepo, na kwa dhamana aliyoibeba. Fungu lake halikupunguzwa kwa sababu safari hii amepakia chumvi, wala halikuongezwa kwa sababu safari ile alipakia watu. Bahari ilikuwa ile ile, na mwamba haukuuliza chombo kimebeba nini.

Hewa nayo ni vivyo hivyo. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, kinaihesabu kazi ya kusafirisha abiria, mizigo au barua kwa malipo kuwa ni kazi moja ya usafiri wa biashara. Hakuna leseni ya rubani wa watu na leseni nyingine ya rubani wa makasha. Mtu anayetaka kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa hutakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka, afaulu mitihani ile ile, apimwe afya na madaktari wale wale, na ajaribiwe kila mara katika mitambo ile ile ya mazoezi. Akiisha kufuzu kurusha Boeing 767, amefuzu, iwe ina viti au haina.

Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020 na 2021, ulimwengu ulilishuhudia jambo hili kwa macho. Abiria walipokatazwa kusafiri, mashirika mengi yaliondoa viti katika ndege zao yakapakia dawa, vifaa vya hospitali na vyakula. Jirani zetu wa Shirika la Ndege la Kenya nao walifanya hivyo kwa ndege yao aina ya Boeing 787. Rubani aliyeruka na watu mwezi uliopita aliruka na makasha mwezi uliofuata, kwa usukani ule ule na njia ile ile. Je, mtu huyo alipungukiwa ujuzi siku viti vilipong'olewa? Tena hata katika siku za kawaida, takriban nusu ya mizigo yote inayopita angani duniani imekuwa ikisafiri katika matumbo ya ndege za abiria, chini ya miguu ya wasafiri. Mpaka kati ya rubani wa watu na rubani wa mizigo ni mwembamba kuliko tunavyodhani.

Anayetaka kujua jinsi malipo ya makundi haya mawili yanavyolingana na kutofautiana, na aitazame Marekani, maana huko ndiko yaliko makampuni mawili makubwa ya mizigo, FedEx na UPS. FedEx ilianza safari zake za usiku kutoka Memphis mwezi wa Aprili 1973. UPS ilianzisha shirika lake la ndege mwaka 1988, na kituo chake kikuu kipo Louisville. Kazi ya makampuni haya aghalabu ni ya usiku. Vifurushi hukusanywa jioni katika miji yote, hupelekwa kituoni, huchambuliwa saa za usiku wa manane, kisha hurushwa tena vifike kabla ya maduka kufunguliwa. Watu wanapolala, rubani wa mizigo yumo kazini.

Rubani wa Marekani hulipwa kwa saa. Kima cha saa hufuata mambo matatu: cheo chake, yaani kama ni rubani mkuu au msaidizi, miaka aliyoitumikia kampuni, na ukubwa wa ndege anayoirusha. Mkataba humhakikishia idadi fulani ya saa za kulipwa kila mwezi hata akiruka pungufu. Katika UPS hata ukubwa wa ndege hautazamwi: marubani wakuu wenye utumishi sawa hulipwa kima kimoja kwa ndege zote. Msomaji ataona kwamba katika hesabu hiyo yote hakuna mahali palipoandikwa abiria wala mzigo.

Basi tofauti hutoka wapi? Hutoka katika hali ya kampuni na nguvu ya mkataba. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, abiria walipungua na mashirika yao yakayumba. United iliomba kinga ya mufilisi mwezi wa Desemba 2002. Delta na Northwest ziliomba siku moja, tarehe 14 Septemba 2005. American ilifuata mwezi wa Novemba 2011. Mishahara ya marubani wa abiria ilikatwa, na wale wa United na Delta wakazipoteza pensheni zao za zamani. FedEx na UPS hazikufilisika. Ikawa kwa miaka mingi rubani mkuu wa makampuni hayo ya mizigo anahesabiwa miongoni mwa marubani wanaolipwa vizuri kuliko wote nchini humo.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2020 marubani wengi wa abiria walistaafu mapema, na Serikali ya Marekani ikayasaidia mashirika ya abiria kulipa mishahara. Wasafiri waliporudi kwa wingi marubani walikuwa hawatoshi, na wenye upungufu hununua kwa bei ya muuzaji. Mwaka 2023 marubani wa Delta walipata mkataba unaowaongezea malipo kwa asilimia 34 katika muda wa miaka minne, na wenzao wa United na American wakafuata nyayo hizo. Mwezi wa Julai mwaka ule ule marubani wa FedEx waliletewa mapatano yenye nyongeza ya asilimia 30; kati ya kila 100 waliopiga kura, 57 waliyakataa. Lakini wakati huo biashara ya vifurushi ilikuwa imepungua, na kukataa kwao hakukuwaletea haraka kile walichokitafuta. Mizani iliyokuwa imeelemea upande wa mizigo ikaelemea upande wa abiria.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyegundua kwamba kurusha makasha kumekuwa kugumu zaidi au kurahisi zaidi. Kilichobadilika ni soko na mikataba. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba rubani wa mizigo hulipwa kidogo kwa asili ya kazi yake, tunamjibu kwamba asili ya kazi haina neno hapo.

Mpasuko wa kweli ni ule ulio kati ya makampuni makubwa na madogo. Chini ya makampuni makubwa ya mizigo yapo makampuni madogo ya mikataba yanayopeleka vifurushi katika miji midogo kwa ndege ndogo yenye rubani mmoja. FedEx ilikuwa mnunuzi wa mwanzo wa ndege ya mizigo aina ya Cessna Caravan katika miaka ya 1980, na hukabidhi ndege hizo kwa makampuni hayo. Watu wa Unguja, Pemba na Mafia hawahitaji kuelezwa Caravan ni nini, kwani ndiyo inayowavusha wao na wageni wao kila siku. Rubani wa ndege hiyo, achukue barua huko au achukue wajawazito na watalii hapa, hulipwa sehemu ndogo tu ya kile anachopata rubani mkuu wa ndege kubwa. Yeye ni kijana anayekusanya saa ili apande daraja, na mwajiri anajua kwamba atavumilia.

Uvumilivu huo una gharama. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ya kampuni ndogo ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Uchunguzi ulidhihirisha maisha ya marubani wa makampuni madogo: rubani msaidizi alikuwa na mshahara mdogo, akiishi upande wa pili wa nchi, na alisafiri usiku kucha ili afike kazini. Jamaa za waliokufa hawakunyamaza. Walikwenda Washington mara kwa mara, wakakaa mlangoni pa wabunge, mpaka mwaka 2010 sheria ikatungwa na Serikali ikaamriwa kuandika upya kanuni za saa za kazi na mapumziko ya marubani.

Kanuni hizo zilitangazwa mwezi wa Desemba 2011 na kuanza kutumika Januari 2014. Zinampa rubani saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa, na zinapunguza muda wa zamu inayoanza usiku. Ni kanuni njema. Lakini marubani wa mizigo, ambao ndio watu wa usiku kuliko wote, waliachwa nje! Sababu iliyotolewa ilikuwa ya hesabu: gharama ya kuwaingiza ilizidi faida yake. Na faida ilipimwa hasa kwa roho zitakazookolewa. Ndege ya abiria ina roho mia na zaidi, ndege ya mizigo aghalabu ina roho mbili. Chama cha marubani wa UPS kilipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Washington ikaikubalia Serikali.

Hapa ndipo tunapoiona hatari ya ile hoja nyepesi tuliyoitaja mwanzo. Mtu akianza kwa kusema rubani wa makasha alipwe kidogo kwa sababu hana abiria, haitachukua muda atasema pia alale kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Abiria ana kinywa, ana jamaa, ana mbunge. Mzigo hauna kinywa. Rubani wa mizigo akichoka, hakuna anayemwona akishuka ngazi na macho mekundu.

Alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2013, kabla kanuni mpya hazijaanza, ndege ya UPS aina ya Airbus A300 iliyotoka Louisville iliangukia kilima karibu na uwanja wa Birmingham, Alabama. Marubani wote wawili walikufa. Chombo cha kunasa sauti kilionyesha kwamba safarini walikuwa wakizungumza habari ya kanuni hizo na namna walivyoachwa. Haki inatutaka tuseme yote. Wachunguzi walisema chanzo ni marubani kuendelea kushuka vibaya na kutoangalia kimo chao. Uchovu waliuhesabu miongoni mwa mambo yaliyochangia, na sehemu ya uchovu wa rubani msaidizi waliihusisha na jinsi alivyoutumia muda wake wa mapumziko. Hatusemi kwamba kanuni peke yake ingewaokoa. Tunasema kwamba usingizi hautazami shehena, na sheria isijidai kuona tofauti ambayo mwili wa binadamu hauioni. Nchi za Ulaya zimelifahamu hilo: kanuni zao za mapumziko kwa ndege kubwa zinawahusu marubani wa abiria na wa mizigo pamoja.

Hata ile hesabu ya roho mbili ni pungufu. Tarehe 4 Novemba 2025 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka mara baada ya kuruka kutoka Louisville. Walikufa wanaanga watatu waliokuwamo, na pamoja nao watu waliokuwa chini wakifanya kazi zao. Ndege ya mizigo hupita juu ya mapaa ya watu kama ndege nyingine yoyote. Aliye chini hana tiketi, lakini naye ni roho.

Sasa turudi kwetu. Hatuandiki haya kwa kumlaumu mtu. Tunaandika kwa sababu nchi imeingia katika biashara ya ndege za mizigo, na desturi zinazowekwa mwanzoni ndizo zitakazodumu. Tunawaomba wakuu wanaohusika, katika wizara, katika shirika na katika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wayafikirie mambo manne.

Kwanza, pawe na ngazi moja ya mishahara ya marubani, inayofuata aina ya ndege, cheo na miaka ya utumishi. Rubani akihamishwa kutoka ndege ya abiria kwenda ya mizigo ya ukubwa ule ule, asione uhamisho huo kuwa ni adhabu, wala anayerudi asiuone kuwa ni tunzo.

Pili, kazi ya usiku itambuliwe kuwa ni kazi ya usiku, na malipo yake yaonekane katika mkataba, kwa yeyote anayeifanya.

Tatu, posho isiwe bei ya usingizi. Saa za mapumziko ziwe sawa kwa wote, wala zisiuzwe wala kununuliwa kwa sababu samaki wataoza au tajiri anangoja mzigo wake. Wakaguzi wawe na nguvu ya kuizuia ndege ya makasha kama wanavyoizuia ndege ya watu.

Nne, marubani vijana wa ndege ndogo zinazohudumia visiwa wasisahauliwe. Hao ni watumishi wa makampuni binafsi, lakini wanaovushwa ni wananchi. Kila mmoja awe na mkataba ulioandikwa, bima, na hesabu ya saa zake inayoweza kukaguliwa.

Tunajua tutajibiwa kwamba nchi yetu si Marekani. Ni kweli, na hatukudai dola za Marekani. Usawa wa ngazi haumaanishi ukubwa wa mshahara. Hata mshahara mdogo unaweza kugawanywa kwa haki au kwa dhuluma. Tutajibiwa pia kwamba rubani, wa mizigo au wa abiria, tayari anapata kuliko mwalimu wa Wete au mama anayelima mwani Paje, ambaye jua lote limemwishia mgongoni. Hilo nalo ni kweli, na siku nyingine tutaandika habari ya bei ya mwani kwa uchungu uo huo. Lakini mama yule hafaidiki kwa rubani kuonewa. Anafaidika pale bidhaa za nchi zinapofika sokoni salama na dawa zinapofika hospitalini kwa wakati, na hayo hayawezekani kwa rubani aliyechoka au aliyekata tamaa.

Tena kumfundisha rubani ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Mashirika tajiri ya Ghuba yako jirani, na mlango wao u wazi kwa mtu mwenye saa za kutosha. Tukimfanya rubani wa mizigo ajione mtoto wa kambo, tutakuwa tumesomesha kwa faida ya wengine. Mwezi wa Novemba 2022 marubani wa Shirika la Ndege la Kenya waligoma kwa siku kadhaa, sababu mojawapo ikiwa michango ya akiba yao ya uzeeni, hata mahakama ikawaamuru warudi kazini. Maelfu ya abiria walikwama na shirika likapata hasara. Hatutoi hukumu katika ugomvi wa majirani. Tunasema tu kwamba mazungumzo yanayofanywa mapema, wakati pande zote zimetulia, ni rahisi kuliko yale yanayofanywa ndege zikiwa zimelala chini.

Sisi wa visiwa tunajua bei ya kuzembea katika mambo ya vyombo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama baina ya Unguja na Pemba, ikiwa imejazwa kupita kiasi. Hakuna nyumba ya Pemba isiyoukumbuka usiku ule. Kanuni zilikuwapo, lakini hazikumzuia mtu bandarini. Kanuni ambayo haisimamiwi ni karatasi, na kanuni inayobagua ina tundu tangu siku inapoandikwa. Kamba hukatikia pabovu.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, na nyinyi waheshimiwa mlioshika madaraka, tunapoisikia ndege ya mizigo ikipita juu yetu usiku wa manane, tukumbuke kwamba ndani yake wamo watu wawili au watatu wenye wake, waume na watoto, wanaofanya kazi ambayo hakuna abiria wa kuishuhudia wala wa kuishukuru. Hawaombi kupendelewa. Wapewe ngazi moja na wenzao, mapumziko sawa na wenzao, na heshima ile ile. Rubani wa mizigo naye ni rubani.